Jina la Nne

Siku ile sebuleni tulikuwa wanane. Wacha niwataje wote kwanza, maana nisipotaja watu habari hainitoki. Kwenye kiti cha karibu na dirisha alikaa Babu Chetram, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu mweupe. Kando yake alikaa Bwana Dharamvir, fundi wa karakana ya reli pale Kigoma. Babu alikuwa baba yake mkubwa, kaka wa marehemu baba yake. Memsabu Kamla, mke wa Bwana Dharamvir, alisimama mlango wa vyumbani, ushungi umemfunika mpaka kwenye nyusi. Santosh, binti yao wa pekee, alishika sinia la chai. Wageni walikuwa wawili, wameshuka asubuhi ile kwenye treni ya Tabora: Bwana Hazari, baba wa kijana aliyeleta posa, na Bwana Ramphal, mjomba wa kijana. Kijana mwenyewe, Jagdish, hakuja. Kwao haikuwa adabu. Mlango wa jikoni alisimama mama yangu, Mwajuma binti Sefu, aliyekuwa akipika na kufua katika nyumba ile. Na katikati ya zulia nilisimama mimi, Tausi, wa miaka tisa, miguu mitupu, mikono nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nangojwa kusema.

Nimekaa na habari hii miaka yote bila kumsimulia mtu. Wiki iliyopita niliingia kwenye lifti ya jengo letu hapa South Beach, mji wa pwani huku kusini kabisa mwa Afrika, nimebeba mboga zangu, mlango ukafungwa, nikasikia harufu ya mafuta ya haradali. Sijui nani alikuwa ametoka kupanda. Labda yule mama wa Kihindi wa ghorofa ya tisa. Harufu ilikuwa imebaki peke yake mle ndani, na mimi nikabaki nayo, nikapitiliza ghorofa yetu, nikashuka tena, nikapitiliza tena. Mjukuu wangu Furaha aliponiona mlangoni akasema, "Koko, uko mgonjwa?" Nikamwambia lifti imenichezea.

Sasa huyo Furaha ndiye anayeniponza. Anafanya kazi saluni huku mjini, amepata mchumba, kijana mzuri wa Kikongo, na Jumamosi wakwe wanakuja kutoka mtaa wa Berea. Mume wangu marehemu alikuwa mtu wa Uvira, na kwao, kama kwetu Waha, huozi kabla ya kuulizana koo. Basi wamekubaliana kwamba mtaja koo ni mimi.

"Sitaki," nikasema.

"Eish, Koko! Ni dakika mbili tu. Unataja majina, tunakula, basi. Juu ya nini unaogopa? Wewe mwenye hausahaugi hata jina ya mbuzi ya jirani!"

Ni kweli, sisahau. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini jina likishaingia kwangu halitoki. Hilo ndilo lililonitia matatani.

Wale watu wa Kigoma walikuwa Wahindi wa Punjab, kabila lao Jat, watu wa jembe na ng'ombe huko kwao. Na Jat ana sheria yake. Haoi ukoo wa baba yake. Haoi ukoo wa mama yake. Haoi ukoo wa bibi mzaa baba, wala ukoo wa bibi mzaa mama. Koo nne zinaachwa, ndipo mtu atafute mchumba. Babu aliniambia huko kijijini kwao kuna watu ambao kazi yao, baba kwa mwana, ni kushika majina ya koo na kuyataja kwenye ndoa, maana si uungwana mtu kujitajia ukoo wake mwenyewe. Huku Afrika watu hao hawakuwepo. Babu akanichagua mimi.

Alikuwa amesomea ualimu kwao, na ujanani alijifunza Kisanskriti, ile lugha ya vitabu vyao vya kale ambayo hakuna anayenunulia nyanya sokoni. Alikuwa na sanduku zima la vitabu hivyo, vinanuka nondo na ubani. Kila mchana, mwanga ukiwa mkali, alikaa barazani na kioo cha kukuzia herufi, anatafuta jina la ukoo wao, Punia, lilitoka wapi, na majina ya Wajat wengine yalitoka wapi. Hata hilo neno Jat lenyewe lilimnyima raha. Alisema wako wanaolitoa kwenye neno la nywele zilizosokotana za mungu wao mmoja, na wako wanaolitoa kwenye neno la ndugu wa damu, na wote wanapigana vitabuni kama majogoo.

Mimi nilikuwa nampepea na kumwokotea karatasi. Siku moja akanishika mkono, akaunyanyua.

"Toto, hii nini?"

"Mkono, Babu."

"Zamani sana, kwa kitabu, watu nasema *hasta*. Halafu watoto yao nasema *hattha*. Leo sisi nasema *hath*. Mkono iko ile ile. Jina natembea, nachoka, naacha mzigo kidogo njiani. Sasa sema."

"Hasta, hattha, hath."

"Tena."

Nikasema tena. Akaniuliza kwa Kiha maji tunaitaje, nikamwambia *amazi*, akapiga paja. "Amazi, maji! Ona! Hata yenu natembea!" Tukawa na mchezo wetu. Neno simba ndilo lililonipa kiburi. Aliponiambia kwamba kwa Kisanskriti simba ni *simha*, nikaruka: "Babu, basi na sisi ni ndugu zenu!" Akacheka mpaka kioo kikamwanguka mapajani. Kisha akanyanyua kidole. "Hapana. Hii nafanana tu. Kufanana hapana undugu. Shika hiyo, toto. Kufanana hapana undugu."

Memsabu Kamla alikuwa akipita na kapu la nguo. "Wajukuu wa mdogo wako wote wamekukimbia, sasa unamfundisha mtoto wa mpishi!"

"Wao nakimbia, huyu nakaa," Babu akajibu.

Santosh naye alikuwa akitucheka, kisha kwenye ngazi za nyuma alikuwa akinipaka mafuta ya haradali kichwani, maana alisema nywele zangu zina kiu. Alikuwa na miaka kumi na minane. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mafuta yale yalikuwa yakiwasha kidogo nyuma ya masikio. Nilimpenda. Sijui niseme vipi zaidi. Mama yangu alikuwa na kazi tangu alfajiri mpaka jioni. Aliyekuwa ananigusa kichwa mchana alikuwa Santosh.

Halafu barua ya posa ikaja kutoka Tabora, na nyumba ikabadilika.

Kihindi chao nilikielewa kama mtoto anavyoelewa, nusu kwa masikio, nusu kwa macho. Nilielewa kwamba Jagdish ni kijana mwema, anafanya kazi ya ufundi wa mitambo. Nilielewa kwamba Santosh amemwona mara moja, kwenye harusi ya watu huko Tabora, na anamtaka, kwa sababu alianza kudarizi vitambaa na kuvificha chini ya godoro, akanionyesha mimi peke yangu. Na nilielewa kwamba kuna jambo baya. Ukoo wa Jagdish ulikuwa Sihag. Na Dadi, yaani marehemu mama yake Bwana Dharamvir, bibi mzaa baba wa Santosh, alizaliwa Sihag.

"Hapa Kigoma Wajat ni sisi tu," Memsabu Kamla alikuwa akisema. "Tabora ni wao. Nimwozeshe nani binti yangu, injini ya treni?"

Hapo ndipo vitabu vya Babu vilipoacha kuwa mchezo. Alitaka kuonyesha kwamba Sihag wa Dadi na Sihag wa Tabora ni maji ya visima viwili: jina limefanana, lakini wazee wao wa mwanzo walikuwa tofauti. Kufanana hapana undugu. Kama angeupata ushahidi ndani ya vitabu vya kale, angeuweka mezani mbele ya Bwana Hazari na Santosh angeolewa. Wiki baada ya wiki alisoma majina ya wafalme na watoto wa wafalme, midomo inacheza, jicho limekaribia kugusa karatasi. Nami nikawa nashika majina kwa kichwa ili asirudie. Hata kumpepea nilisahau. Nilikuwa naangalia uso wake tu. Ukikunjuka, nilipumua. Ukikunjika, nilijua jina limekataa. Kila mstari aliousoma ulimrudisha kisima kilekile kimoja. Mchana mmoja akafunga kitabu, machozi yakimtoka, nami nikajiambia ni ule ukungu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mjomba wangu Rashidi, bila hiyo hamtanielewa.

Ninyi wa rika langu mnawakumbuka manamba, wale waliochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, karani wa mkonge alikuja stesheni na daftari lake. Alikuwa anataka watu thelathini. Aliwapanga mstari, akawaita majina, akahesabu: ishirini na tisa. Mmoja alikuwa amekimbia. Mjomba Rashidi hakuwa amejiandikisha. Alikuja kumletea rafiki yake muhogo wa njiani. Karani akainua macho kutoka kwenye daftari, akayazungusha, yakamwangukia mjomba. "Wewe. Lazima lijae." Mjomba akacheka, akidhani ni utani. Akapewa namba ya yule aliyekimbia, akapandishwa behewani na muhogo wake mkononi. Hakurudi, wala hatukupata barua. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama, niliona yote. Kuanzia siku ile nilijua jambo moja kuhusu madaftari: likipungua jina, huchukuliwa mtu aliye karibu.

Basi siku moja kabla ya wageni, Babu akaniita. Memsabu Kamla alikuwa pembeni, anasokota pindo la ushungi.

"Toto, kesho wewe nataja koo. Punia. Godara ya mama. Beniwal ya bibi mzaa mama. Halafu nyamaza."

"Na Sihag ya Dadi?"

"Dadi hapana taja."

"Ni nne, Babu. Ulisema ni nne."

"Kesho iko tatu."

Sikuelewa, na hakunieleza. Leo naelewa walivyopanga: Babu angesema Dadi aliachwa yatima na jina lake la kwao lilipotea. Nami waliniweka mbele kwa sababu nani atamshuku mtoto? Lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba hesabu itapungua. Jioni ile sikugusa chakula. Mama akaniuliza kama nina homa.

Basi tukafika siku ile, sebuleni, watu wanane. Bwana Hazari alikuwa mtu wa sauti ya upole, masharubu meupe, viatu vimepigwa rangi juu ya vumbi la safari. Alinitazama akatabasamu. "Huyu ndiye mtaja koo wenu?"

"Huku Afrika iko shida ya wataja koo," Babu akasema, na wote wakacheka kidogo.

Kisha Bwana Hazari akatia mkono mfukoni, akatoa daftari. Daftari dogo, jekundu, na kalamu.

"Punia," nikasema.

Akaandika.

"Godara. Ya mama."

Akaandika.

"Beniwal. Ya bibi mzaa mama."

Akaandika, akangoja, kalamu hewani. Nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Bwana Hazari akatazama alichoandika.

"Tatu," akasema. "Sisi Tabora huandika nne. Imebaki moja."

Babu akakohoa, akafungua kinywa kusema. Na wakati huohuo Bwana Hazari akainua macho kutoka kwenye daftari, akayazungusha chumbani, na Santosh alikuwa amesogea na sinia la chai, na macho yale yakamwangukia yeye.

"Sihag!" nikapiga kelele. "Ya Dadi ni Sihag! Andika Sihag!"

Sinia halikuanguka. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kusema vitu vilianguka. Vikombe viligongana kidogo tu. Babu alifumba macho. Bwana Ramphal akasema neno dogo kwa Kihindi, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Bwana Hazari hakuandika. Alifunika kalamu yake, akalirudisha mfukoni lile daftari jekundu, akasimama, akamwendea Santosh. Akamwekea mkono kichwani.

"Basi huyu ni binti yetu," akasema. "Ni damu ya nyumba yangu. Mungu akupe maisha, mwanangu."

Aliyasema kwa huruma, na kwa kweli. Kwa Jat, mkono ule ni wa baba; aliyewekewa hawezi tena kuwa mkwe. Mimi nilikuwa sijui. Niliona daftari limefungwa, nikaona treni itaondoka bila Santosh, nikaona mkono wa baraka juu ya kichwa chake. Nilicheka, jamani. Nilicheka kwa furaha katikati ya sebule ile, peke yangu, mpaka mama akaja akanishika sikio akaniburuta jikoni. Kupitia mlangoni ndipo nilipouona uso wa Santosh. Kicheko kikakauka.

Jioni alinikuta kwenye ngazi za nyuma. Hakunipiga. Alikaa mbali kidogo, si pale alipozoea.

"Nani alikuambia useme?"

"Daftari lilikuwa halijajaa, dada Santosh."

Akanitazama kama ninaongea lugha ya Babu. Nilitaka kumweleza habari ya mjomba Rashidi, ya muhogo, ya namba, lakini hakungoja. Akainuka, akaingia ndani. Hakunipaka mafuta tena, hata mara moja.

Tulikaa siku nyingi tukingoja mama afukuzwe. Kila asubuhi aliniambia, "Kaa nyumbani, wasikuone." Alienda kazini kwa kunyata, akarudi kwa kunyata. Siku ya tano au ya sita Babu akauliza mtoto yuko wapi. Mama akanipeleka kwa mkono. Sanduku la vitabu lilikuwa limefungwa kwa kamba. Alinyoosha mkono akapapasa hewa mpaka akapata bega langu.

"Wewe nasema kweli," akasema. "Mimi nafundisha wewe kweli siku nyingi, halafu siku moja naomba wewe uongo. Kosa iko yangu. Shika hiyo pia."

Nimeishika. Lakini haikunisaidia, kwa sababu alifikiri nilisema kwa ajili ya ukweli, nami nilisema kwa ajili ya hofu, na sikumwambia. Alikufa miaka miwili baadaye akiniheshimu bure.

Santosh walimpeleka India, kwa ukoo ulio mbali na koo zote nne, kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona. Tulikwenda stesheni, mama na mimi, tukasimama nyuma ya umati. Karani wa reli alikuwa na daftari lake. Akauliza jina, Bwana Dharamvir akamtajia, akaandika. Santosh akapanda. Lilikuwa behewa tu kama mabehewa mengine. Alitoa mkono dirishani lakini sijui alimpungia nani.

Ndiyo maana sikutaka Jumamosi. Furaha alinijia tena jana, akakaa miguuni pangu na soda yake.

"Koko, kama hautaki nitaomba mama mwingine."

"Mama gani? Wataharibu. Nitataja mimi. Zote, mpaka ya mwisho."

"Na kama iko moja yenye inagongana?"

"Tutaijua siku hiyo, kabla hujapanda gari la mtu."

Akacheka, akaniambia, "Sharp, Koko," ndiyo sawa yao vijana wa huku, akaenda zake kazini. Yeye hajui kwamba tangu juzi nimekuwa nikizirudia zile za kwetu na za Uvira kwa kidole, moja moja, na kila nikifika ya nne nasimama.

Sasa nawaomba ninyi mliokuwa Kigoma siku zile, watoto wa reli, ninyi mliocheza karibu na nyumba za karakana. Labda kuna mmoja wenu aliyemjua Dadi kabla hajafa, au aliyesikia watu wakimtaja. Nimeandika kwamba alizaliwa Sihag. Ndivyo lilivyo kichwani mwangu, na kichwa changu hakijawahi kunidanganya. Lakini nilikuwa mtoto, Babu alinitajia majina mengi mchana mrefu, na mtu hukosea. Kama mnajua kwamba Dadi alikuwa wa ukoo mwingine, wowote ule, niambieni. Nisahihisheni mbele ya watu wote, sitaona haya. Katika majina yote niliyoyabeba, hilo moja ningefurahi kuambiwa nimelikosea. Ila msiniambie kwa kunihurumia. Hilo nitalijua.